Uzi wa kazi: Albamu ya shukrani kwa rafiki wa tangu chuo, kuanzia picha zenye ukungu hadi siku ya kuikabidhi

Kitabu_Kimoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Waliomaliza chuo miaka ya 1980 na 1990 sasa wanastaafu au wanakaribia, na swali ni lile lile: yule rafiki aliyesimama nami tangu bwenini hadi leo, nimpe nini? Majibu huwa saa, kitenge, mbuzi, bahasha. Si vibaya, ila vyote hivyo hata mwajiri wake anaweza kumpa siku ya kumuaga. Uzi huu ni wa zawadi moja ambayo mwajiri hana uwezo nayo: kitabu cha picha na barua za urafiki wenyewe, nakala mbili, moja yake na moja ya mtoaji.

Kitabu cha namna hii kinashukuru jambo, hakisifu tabia. Ukurasa ulioandikwa "wewe ni rafiki mwaminifu" mtu anaufunua kama anapepea. Lakini weka barua aliyoandika wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefungwa, Mei 1990 hadi kilipofunguliwa tena Januari 1991, yenye muhuri wa posta ya wilayani na sentensi ya "notisi zako ninazo, usiwe na wasiwasi". Hapo hakuna cha kuongeza. Simu za mkononi hazikuwepo. Urafiki wa miezi ile ulipita kwa bahasha na S.L.P. Kizazi hicho kina ushahidi wa maandishi kuliko waliosoma 2010, ambao mengi yao yalikwenda na simu iliyoibiwa daladalani.

Vipimo ninavyopendekeza: picha 35 hadi 45, barua 5 au 6, kurasa 48, A4 ya kulala. Ukizidisha, mtu anaanza kuruka. Muda ni wiki 8: 3 za kukusanya, 2 za kuskani na kusafisha, 1 ya kupanga, 2 za kuchapa na kujalidi. Anayeanza wiki mbili kabla ya shughuli ataishia kwenye spiro ya plastiki.

Mafundi karibuni, tuanze na picha.

Fundi_Mkanda

Tafuta mkanda kwanza, picha baadaye. Picha ya postikadi, inchi 4 kwa 6, ni nakala. Asili yake ni negativu. Watu wengi wanazo bila kujua, zimebaki ndani ya bahasha ya studio nyuma ya picha. Shika kipande kwenye kingo tu. Upande unaong'aa ni mgongo, uliofifia ndio wenye picha, huo kidole kisiuguse.

Skana ya kawaida ya ofisini haiwezi negativu kwa sababu inahitaji mwanga unaopita toka juu. Tafuta yenye taa kwenye kifuniko, skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 3200. Fremu moja ya mkanda wa milimita 35 itakupa takriban pikseli 3000 kwa 4500. Kama mkanda haupo, skani picha ya karatasi kwa dpi 600. Postikadi itatoa pikseli 2400 kwa 3600, na ukichapa kwa dpi 300 inafika inchi 8 kwa 12, karibu ukurasa mzima wa A4. Ukiskani kwa dpi 150 halafu ukaikuza, unapata uso wa uji.

Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora. JPEG ukiifungua, ukairekebisha na kuihifadhi tena, kila safari inapoteza kitu. Na mnaokusanya picha kwa wenzenu wa mikoani au walioko ughaibuni, waambieni watume WhatsApp kama waraka, si kama picha. Ikipita njia ya picha inakandamizwa, na hilo utaligundua kitabu kikishachapwa.

Picha ya rangi iliyokaa gizani miaka 30 ikageuka wekundu haijaungua. Rangi ya samawati ndani ya karatasi imefifia kuliko wenzake, ndiyo maana nyekundu imetawala. Rekebisha kila rangi kwa mkondo wake, usisukume mwangaza wote kwa pamoja. Ukifanya hivyo ngozi inageuka kijivu. Halafu kaeni mbali na programu za siku hizi zinazodai "kufufua" sura. Zinabuni meno, zinalainisha ngozi na kuing'arisha, zinafuta kovu. Unampa mtu picha ya mtu mwingine aliyevaa shati lake.

Ukungu mweupe, ambao Dar, Tanga na Zanzibar ni mgeni wa kila nyumba: toka nje, tumia brashi laini kavu, pangusa kwenda upande mmoja. Usitie maji wala spiriti kwenye picha ya karatasi, tabaka la juu linavimba na kutoka na kitambaa.

Nauliza_Tu

Mkuu Fundi, vipi picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu? Nimesikia watu wanaipitishia mvuke wa birika.

Fundi_Mkanda

Mvuke huo ndio unaoimaliza. Pale ilipoganda, tabaka la picha limeshikana na kioo. Ukivuta, sura inabaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi nyeupe. Iache hapo hapo. Safisha kioo upande wa nje, laza picha pamoja na kioo chake juu ya skana. Ila angalia aina ya skana. Zile nyembamba zinazopata umeme kwa waya wa USB zinaona tu kile kinachogusa kioo chake, kitu kikiinuka milimita 2 kinatoka ukungu. Unahitaji ile nene ya zamani, yenye lenzi ndani. Ukiikosa, piga kwa kamera: taa mbili, moja kila upande kwa nyuzi 45, kamera sambamba kabisa na picha, na nguo nyeusi nyuma yako ili usijione kwenye kioo.

Albamu za gundi, zile za karatasi ya nailoni inayofunuliwa, tumia uzi wa kusafishia meno: upitishe chini ya picha ukikereza taratibu toka kona moja kwenda nyingine. Usikunje picha kuibandua.

Karani_wa_Masjala

Niingie kwenye barua, maana huko ndiko watu wanaharibu kwa nia njema.

Usilaminishe barua. Joto linaunguza wino wa aina fulani, na plastiki ikishashika haitoki tena. Usiunganishe pasua kwa seloteipu; baada ya miaka inageuka kahawia, gundi yake inaingia kwenye karatasi na wino unasambaa. Barua iliyokunjwa ifunue, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe chini ya vitabu vizito siku 2 au 3, ndipo uiskani. Iskani kwa rangi hata kama imeandikwa kwa wino mweusi, kwa sababu umanjano wa karatasi na muhuri wa posta ni nusu ya utamu. Bahasha nayo iskani, mbele na nyuma.

Maandishi yakiwa hayasomeki vizuri, weka taswira ya barua ukurasa wa kushoto na maneno yaliyochapwa ukurasa wa kulia. Chapa kama alivyoandika, na makosa yake ya tahajia, na kifupi chake cha "yrs" mwishoni kama alikiweka. Ukisahihisha, sauti inakuwa yako.

Sasa, si kila barua inaingia. Barua inayotaja mchumba wa zamani, deni, ugonjwa, au nani alidisco (aliondolewa chuo kwa kufeli) mwaka wa kwanza, iache kabatini. Kitabu hiki watoto wake watakisoma, na mkwe. Picha nazo ni hivyo hivyo. Kabla ya kupeleka kiwandani, mwenzi wake wa ndoa apitie kurasa zote. Ni dakika 20, na zinaokoa aibu ambayo hakuna mjalidi atakayeifuta.

Sindano_na_Nta

Mwanzisha uzi, heshima yako, lakini A4 ya kulala ni kosa. Nieleze kwa nini.

Kitabu kinachodumu kinashonwa. Ili kishonwe, karatasi lazima ikunjwe katikati ipate mgongo wa kupitisha sindano. A4 ya kusimama inatokana na A3 iliyokunjwa, na mashine ya kuchapa ya mjini inabeba A3 bila shida. A4 ya kulala inahitaji karatasi ndefu ya milimita 594 kwa 210, ambayo mashine nyingi hazipokei. Fundi atafanyaje? Atakata kurasa moja moja na kupaka gundi ya moto mgongoni. Kwenye karatasi nzito iliyopakwa, yaani yenye tabaka laini juu, gundi ile inashika juu juu tu. Ukifungua kitabu kwa nguvu mara ya kumi, kurasa zinaanza kutoka. Na picha iliyovuka kurasa mbili inamezwa katikati, aliyesimama pale katikati haonekani tena. Kwenye picha za mahafali anayesimama katikati mara nyingi ndiye mwenye shughuli.

Basi fanya A4 ya kusimama. Kurasa 48 ni karatasi 12 za A3. Gramu 150 kwa mita ya mraba, iliyopakwa lakini isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa inaakisi taa za ukumbini na kubeba alama za vidole. Kunja karatasi 2 kwa 2, upate mikunjo 6 yenye kurasa 8 kila mmoja. Ukikunja 4 kwa pamoja kwa uzito huo, kurasa za ndani zinachomoza na kingo hazikai sawa. Shona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta.

Jambo ambalo hata baadhi ya mafundi wanalisahau: nyuzi za karatasi zilale sambamba na mkunjo. Jaribu kwa kuipinda bila kuikunja, upande mmoja kisha wa pili; inapopinda kwa urahisi, nyuzi zimelala sambamba na mstari wa pindo. Zikilala kinyume, mgongo unapasuka vipasuko vyeupe na kurasa zinajikunja kama chapati msimu wa mvua.

Kwenye faili acha milimita 15 upande wa mshono bila uso wa mtu wala maandishi. Picha zinazofika ukingoni zipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na hapo umwambie mchapaji atumie karatasi ya SRA3, milimita 320 kwa 450, la sivyo hana pa kukata. Omba nakala ya majaribio ya kurasa 4 kabla ya zote. Chagua zile zenye nyuso, si zenye mandhari. Mandhari ikipotea rangi hakuna anayelalamika.

Kitabu_Kimoja

Nimekubali, mkuu. A4 ya kusimama. Na jalada?

Sindano_na_Nta

Ubao wa karatasi ngumu, milimita 2.5, uzidi kurasa milimita 3 juu, chini na ubavuni. Nguo ya kufunika ikatwe sentimita 50 kwa 36, hapo una nafasi ya kukunjia ndani. Ngozi ni ghali na bandia yake inababuka baada ya miaka michache kwenye joto letu. Pamba ni bora. Ila huwezi kupaka gundi moja kwa moja kwenye nguo nyepesi, inapenya na kuacha mabaka usoni. Kwanza ibandike nyuma karatasi nyembamba kwa gundi ya unga wa ngano, iache ikauke imelazwa usiku mzima, kisha ndiyo uifunike kwenye ubao.

Doti_Mbili

Nguo nyepesi ya pamba? Hapo mnazungumzia khanga, kaka zangu, semeni tu.

Kipande kimoja cha khanga ni karibu sentimita 150 kwa 110, kina pindo (mpaka wa pembeni), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake). Jina ndilo la kuangalia kwanza, maua baadaye. Kuna anayevutiwa na rangi akanunua khanga imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, akampelekea rafiki wa miaka 35. Hilo ni pigo, tena la hadharani. Majina mengi ni mafumbo ya wake wenza na majirani; kama huna uhakika linalenga nini, muulize muuzaji au mama yeyote wa Pwani, atakwambia kabla hujamaliza kulisoma. AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI halina mtego. Msifikirie kuagiza jina lenu wenyewe: kiwanda kinachapa majora, hakikuwashii mashine kwa doti moja.

Khanga mpya ina wanga na rangi iliyolegea. Loweka kwenye maji baridi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi. Ukiruka hatua hiyo, nyekundu na nyeusi zitachujia kwenye ukurasa wa kwanza siku ya kwanza ya unyevu, na nguo itarudi ndani ubao ujikunje.

Sasa sikilizeni. Khanga inauzwa doti, vipande viwili, na kila kipande kina jina lake. Mwanzisha uzi amesema nakala mbili. Kipande kimoja kifunike kitabu cha rafiki, cha pili kifunike chako. Jina kwa kawaida ni refu kuliko jalada la mbele, kwa hiyo lipange litembee toka jalada la nyuma, livuke mgongo, liishie mbele. Lisilotosha hata hapo, kata ukanda wake uubandike ndani ya jalada. Usilikate katikati ya neno. Rafiki akiwa mwanaume pia inafaa, maana hapa khanga ni jalada, si vazi.

Hesabu_Kali

Wadau msinichukie. Gharama yote hii, kuskani, kuchapa, kushona, si bora umpunguzie mtu deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu? Wapo waliokopeshwa tangu 1994/95 na bado salio lipo.

Karani_wa_Masjala

Hesabu, hoja yako si ya kuchekwa. Makato ya kisheria ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mtu anayaona kila mwezi. Lakini huwezi kulifanya kimya kimya. Salio analiona mwenye akaunti, na namba ya kumbukumbu ya malipo inatoka kwa jina lake. Itabidi umwombe, na ukishamwomba umemweka aseme "ndiyo, nisaidie". Kuna marafiki wanaolipokea hilo bila neno, wapo pia ambao hawatakupigia tena. Aliyekubeba chumbani kwake mwaka mzima ulipokosa kitanda hakukuandikia risiti.

Ukiamua kumlipia, fanya mwezi mwingine kabisa. Na bahasha ya fedha isiwekwe ndani ya kitabu kwa hali yoyote, itafunguliwa kwanza.

Kipaza_Sauti

Mimi nakaa upande wa ushereheshaji. Kitabu kizuri kinaweza kuzikwa na dakika 5 mbaya.

Usikikabidhi kwenye foleni ya zawadi, ile ya kucheza na muziki ukiwa umepandisha desibeli. Pale hata zawadi ya gari haisikiki. Omba nafasi kabla ya chakula, mpe mshereheshaji jina lako na la rafiki yameandikwa, yakiwa na matamshi sahihi, na mwambie unahitaji dakika 3. Dakika 3 za Kiswahili cha kutulia ni maneno kama 300, yaani ukurasa mmoja. Chukua jambo moja, tarehe yake, mahali pake, na alichofanya. "Januari 1991, stendi ya mabasi, alikuja na begi langu." Kisha nyamaza, mkabidhi kwa mikono miwili. Ukianza kuhesabu fadhila zote tangu mwaka wa kwanza, watu wanaanza kutafuta vijiko.

Utani wa makabila ruksa kama ni watani kweli. Utani wa sapu (mitihani ya marudio) na kukeri masomo (kuyabeba hadi mwaka unaofuata), mbele ya wafanyakazi aliowaongoza, hapana.

Na kama rafiki ni mtu asiyependa macho ya watu, achana na ukumbi. Mpelekee nyumbani Jumapili jioni, mkae mfunue pamoja. Kwa watu wa aina hiyo kipaza sauti ni adhabu.

Nauliza_Tu

Swali la mwisho: maelezo ya chini ya picha. Picha za kundi la watu 14, nusu majina yamesahaulika, wengine wametangulia.

Karani_wa_Masjala

Andika "kutoka kushoto, waliosimama", kisha "waliochuchumaa", kwa majina mawili mawili. Tuma picha kwa watu wawili waliokuwepo, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, uliza wa tatu. Ukiwaweka kwenye kundi moja la WhatsApp watakubaliana na atakayejibu kwanza. Asiyejulikana acha nafasi yake ikiwa na mstari mtupu, usibuni. Marehemu andika Marehemu kabla ya jina bila msalaba wala nyota, kundi lina dini zote. Majina ya kina dada weka waliyotumia chuoni, kisha la sasa kama wanalitumia. Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya biki inachimba na kutokea mbele.

Fundi_Mkanda

Naongezea dogo. Faili zote, TIFF na zile za kupanga kurasa, ziwe kwenye diski mbili, na ya pili ikae nyumba nyingine. CD msizitegemee, za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi hazisomeki tena. Kama kuna kaseti ya sauti au mkanda wa VHS wa mahafali, angalia ukingo wa utepe: ukiona unga mweupe usiuingize kwenye deki, ukungu utahamia kwenye vichwa na kwenye kila mkanda utakaofuata. Peleka kwa fundi. Kuuhamisha kunachukua muda ule ule wa mkanda, saa 3 ni saa 3.

Kitabu_Kimoja

Sindano, swali la mwisho kabla sijaweka muhtasari wa vipimo kwenye bandiko la kwanza. Rafiki akitaka kuandika chochote humo ndani? Kalamu kwenye karatasi hiyo ya gramu 150 itateleza.

Sindano_na_Nta

Itateleza na wino utasambaa, kwa sababu imepakwa. Ongeza karatasi moja ya A3 isiyopakwa, gramu 120, ikunje, ishone kama mkunjo wa saba mwishoni. Unapata kurasa 4 nyeupe zinazopokea wino wowote. Fanya hivyo kwa nakala zote mbili, na usiandike kitu humo kabla ya kumkabidhi.